Chelezo Kilichofunguka Nusu

Makina, Kibera
11 Mei 1974

Bwana Wepukhulu,

Salamu sikuandikii. Ukizihitaji, tafuta mtu mwingine akupe.

Jumamosi ya tarehe 27 Aprili, saa nane mchana, motaboti iitwayo Rosebella ilizama Ziwa Victoria, maili sita kutoka Kendu Bay. Ilikuwa na watu kumi na wanne. Nahodha wake ni Omolo, mtoto wa dada yangu. Alitupa majini chelezo cha mpira, akavuta kamba ya mtungi wa gesi kama kila nahodha anavyofundishwa, na chelezo kikafunguka upande mmoja tu. Upande wa pili ulibaki umekunjwa. Watu kumi na watatu waliokolewa na tishari la mchanga. Mama mmoja, muuza vyungu aitwaye Amolo, hakuokolewa.

Ubavuni mwa mfuko wa chelezo hicho kuna muhuri, nami nimeletewa maneno yake: "Kimekaguliwa na kukunjwa na J. Wepukhulu, Kawangware, Novemba 1973." Niliposoma nilicheka, na sikucheka kwa furaha. Nilidhani umebaki kuziba mipira ya baiskeli. Sikujua kwamba kuna mtu katika Kenya hii aliyekosa akili kiasi cha kukukabidhi roho za watu uzikunje.

Mwenye boti, Bwana Murunga, anasema chelezo kilikuwa kizima, ila Omolo alibabaika, akavuta kamba kabla ya kukitupa, kikachanikia kwenye ukingo wa boti. Kwa maneno hayo Omolo yuko rumande Kisumu. Baraza la uchunguzi litakaa Jumatatu tarehe 10 Juni. Likimwamini Murunga, kijana atashtakiwa kwa kifo cha yule mama, na atafungwa miaka.

Nijibu mambo matatu. Ulikijaza hewa kwa saa ngapi kabla ya kukikunja? Mishono uliiunga kwa gundi gani? Mpira uliupaka nini? Andika sentensi fupi. Zile ndefu zilikuwa zinakushinda.

Ogola


Kawangware
15 Mei 1974

Kwa Bwana Stoo,

Ndivyo tulivyokuita nyuma ya mgongo pale karakana ya serikali, sijui kama ulijua. Tulikuwa wanagenzi wanne na wewe ulikuwa msimamizi wetu, mwenye funguo tisa kiunoni na kitabu kwapani.

Kutoka Makina mpaka hapa kwangu ni mwendo wa saa moja na kidogo, hata kwa mzee anayevuta mguu. Unafika Dagoretti Corner, unauliza fundi wa mpira, utaletwa mpaka mlangoni. Lakini wewe umenunua stempu. Mke wangu Sella alipoona bahasha aliuliza, "Hii inatoka Uingereza?" Nikamwambia, "Hapana, inatoka Kibera, ila mwenyewe hajui."

Chelezo nilikijaza hewa saa ishirini na nne, hakikupungua. Gundi ni ya kiwandani, ya kopo, si ya viatu kama unavyotamani. Na nilikipaka kama nilivyofundishwa. Hizo hapo sentensi fupi. Zimekutosha?

Sasa na mimi niseme yangu. Mwaka 1961 nilikuletea mshono wa inchi kumi na tatu, wa mtihani wa cheti. Uliuangalia kama mtu anayeangalia kinyesi cha kuku kwenye kiatu chake. Ukaandika kwenye karatasi neno moja, "Hafai," ukaendelea kusoma kitabu chako. Nilikuwa na watoto watatu. Nikatoka pale bila cheti na bila kazi. Leo nina karakana, nina mafundi wanne, na boti za kutoka Kisumu mpaka Mombasa zinaniletea kazi. Wewe una nini? Kiti, na magazeti ya jana.

Mpwa wako aliogopa. Watu huogopa majini. Si aibu, lakini asinisukumie mimi.

J. Wepukhulu


Rumande, Kisumu
18 Mei 1974

Mjomba mpendwa,

Mimi ni mzima. Mke wangu Nereah huniletea chakula, na ndiye atakayeposti barua hii. Uliagiza nieleze kila kitu kwa mpangilio bila kuruka, basi sitaruka.

Tulitoka Kendu Bay saa saba kasorobo. Maji yalianza kuingia pale chuma cha propela kinapopita kwenda nje. Nilikuwa nimemwambia Murunga mara mbili kwamba panavuja. Alinijibu, "Omolo, boti isiyovuja iko dukani." Nilisindilia matambara, hayakusaidia. Injini ikazimika. Nikajua tuna dakika kumi.

Mjomba, sikubabaika. Nilibeba mfuko wa chelezo mwenyewe, nikautupa upande usio na upepo, kamba mkononi, nikahesabu mpaka tatu, ndipo nikavuta. Gesi ililia vizuri. Upande wa kushoto ukaumuka. Upande wa kulia ukatetemeka, ukatulia. Niliruka majini nikajaribu kuukunjua kwa mikono. Mikunjo ilikuwa imeshikana kama chapati zilizorundikwa zikiwa bado moto. Nilipoivuta kwa nguvu, mpira ukachanika na gesi ikatokea hapo.

Kuna jambo moja sijamwambia hata askari, maana watanicheka. Kilinuka. Kilinuka kama unga uliochacha kwenye sufuria, na mikononi nilibaki na kitu cheupe kinachonata.

Watu tisa walining'inia kwenye ule upande mmoja. Wengine walishika mitungi mitupu ya mafuta. Amolo alikuwa upande uliolala. Alikuwa ameushika ule mpira usio na hewa kwa mikono yote miwili, kwa sababu nilimwambia ashike. Nilimwambia, "Mama, shika hapo, sasa hivi unajaa." Wimbi la tatu au la nne nilipogeuka hakuwepo.

Tishari la mchanga lilitufikia baada ya dakika kama arobaini. Wale watu wa mchanga hawana adabu hata kidogo, Mungu awabariki. Hawakuwa na ngazi, wakatuvua kwa sepetu. Mmoja wao, Mutunga, alipiga kelele, "Kalia sepetu, mama! Kalia, usione haya, imebeba vizito kuliko wewe!" Karani mmoja alikataa kuachia mkoba wake. Wakamwambia, "Sawa, tunachukua mkoba, wewe baki." Akauachia. Walipoona chelezo wakauliza, "Hili godoro mmeliiba hospitali gani?" Lakini walimwaga nusu ya mchanga wao ziwani ili tupate pa kukaa, na hakuna aliyewaomba. Mutunga alituhesabu. Akatuhesabu tena. Baada ya hapo hakutania tena mpaka Kisumu.

Chelezo wanacho wao, pale ufukweni Dunga. Wanakitumia kufunikia injini ya tishari. Murunga hata hajakiulizia.

Mama anasema maadamu wewe uko upande wangu, baraza haliwezi kunishinda. Na mimi nasema hivyo hivyo.

Mpwa wako,
Omolo


Makina, Kibera
21 Mei 1974

Mwanangu Omolo,

Barua yako imefika leo asubuhi. Nimeisoma mara nne. Ulifanya kila kitu sawasawa. Nimekagua vifaa vya kuokolea watu kwa miaka ishirini na moja, na ninakuambia hakuna nahodha ambaye angefanya zaidi.

Nereah aende Dunga. Akate kipande cha upande ulioshikana, ukubwa wa viganja viwili, pamoja na mikunjo yake bila kuikunjua. Akifunge kwa gazeti, si kwa plastiki, akitume kwa basi. Sehemu iliyobaki aiache palepale kwa watu wa mchanga.

Ile habari ya harufu usimtajie mtu kwa sasa. Wala wakili, wala askari. Niachie mimi.

Ni miaka ishirini na saba tangu niliache ziwa. Nilipokuwa nikikusoma niliusikia upepo wa Kendu Bay, ule unaogeuka ghafla baada ya saa saba mchana. Nikainua kichwa nimweleze mtu, nikakumbuka kwamba hapa Kibera hakuna mtu wa kumweleza upepo huo.

Mjomba wako,
Ogola


Makina, Kibera
31 Mei 1974

Bwana Wepukhulu,

Swali langu la tatu ulilikwepa. Nimelijibu mwenyewe.

Mbele yangu kuna kipande cha mpira kutoka chelezo cha Rosebella. Mikunjo yake imeshikana kwa kitu cheupe. Nilikikwangua kwa wembe, nikakiweka kwenye kisahani, na kando yake nikaweka poda ya talki. Kila kimoja nikakidondoshea tone la iodini niliyoinunua duka la dawa karibu na msikiti. Talki ilibaki na rangi ya kahawia. Kile cheupe chako kikageuka bluu, bluu iliyokaribia weusi. Mwanafunzi yeyote wa sekondari atakuambia maana yake. Ni wanga. Ulikikunja chelezo kwa unga wa ngano.

Niruhusu nikueleze, maana ni wazi hujui. Mpira hupakwa talki ili mikunjo yake isishikane. Talki ni jiwe lililosagwa. Halinyonyi maji, halichachi, na hakuna mdudu anayelitamani. Unga hunyonya unyevu. Uweke miezi mitano ndani ya boti, ziwani, nao unakuwa gundi. Nimeuangalia mpira kwa lenzi, na nimeona pia matundu matatu ya meno ya panya. Naamini ni panya wa Kawangware. Walikula wakashiba, na katika wateja wako wote hao ndio pekee waliofaidi.

Nimejaribu kufikiri ni mtu wa namna gani anayeweza kusimama mbele ya kifaa cha kuokolea watu akiwa na bakuli la unga mkononi, asijiulize lolote. Nimeshindwa. Hata punda anapopelekwa njia asiyoijua husimama kwanza. Mwaka 1961 nilikuandikia kwamba hufai. Leo naona nilikuhurumia.

Andikia baraza kabla ya tarehe 7 Juni. Sema ni unga, sema ni wewe, weka sahihi. Usipoandika, kipande hiki na iodini yangu vitakwenda Kisumu kukusemea, na vina lugha nzuri kuliko yako.

Ogola


Kawangware
3 Juni 1974

Bwana Ogola,

Ni unga. Sikatai. Wangoi, mwenye hoteli hapa jirani, huniuzia ule mweupe wa daraja la kwanza. Lenah, fundi wangu wa kukunja, huuchekecha mara mbili. Nimeutumia miaka yote hii na sijawahi kuuficha. Wateja wameuona, wakasema fundi huyu anatumia kitu safi.

Sasa kaa chini kwenye hicho kiti chako, uvae miwani. Daftari langu la uanagenzi ninalo mpaka leo. Nakunakilia ukurasa mmoja kama ulivyo.

"Ijumaa 16 Machi 1956. Kreti ya poda haijafika. Vyelezo kumi vya ziwani vinatakiwa Jumatatu. Bwana Ogola ametuma tuletewe unga wa ngano kutoka kantini. Amesema, unga mkavu ni sawa na poda, mpira haujui tofauti, andikeni. Tumepaka vyote kumi."

Neno "andikeni" ulisema wewe. Nikaandika. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili na darasa la nne. Wewe ulikuwa na vitabu vinene kama matofali, na mzungu wako alikuwa likizo. Ungesema tupake majivu, ningepaka majivu na kusema asante. Kuna siku uliniambia unga ni wa wiki ile tu? Kuna siku ulisema, jamani, nilikosea? Nilikaa chini yako miaka mitano baada ya siku hiyo. Nilisubiri uniambie nini?

Umenitukana barua mbili nzima kwa kazi ya mkono wako. Hiyo iodini yako, jidondoshee ulimini uone inageuka rangi gani.

Na nimekaa nikaisoma tena ile barua yako ya kwanza. Swali la tatu, "Mpira uliupaka nini?" Ulikuwa huna habari, au ulikuwa na wasiwasi? Na hii ya pili, yenye iodini na panya, mbona imejaa makelele hivyo? Sella husema mtu akipandisha sauti sokoni, angalia mfuko wake.

Nilikuwa sijui, Bwana Ogola. Hilo ni kosa langu na yule mama amekufa nalo, na sili vizuri tangu juzi. Lakini wewe ulikuwa unajua. Daftari hili kuna watu watalisoma. Amua wewe jina lako walikute wapi.

J. Wepukhulu


Makina, Kibera
5 Juni 1974

Kwa Mwenyekiti,
Baraza la Uchunguzi wa Kuzama kwa Motaboti Rosebella,
Kisumu

Mheshimiwa,

Mimi ni Ogola, msimamizi mstaafu wa stoo katika karakana ya serikali ya vifaa vya kuokolea, Nairobi. Nahodha Omolo ni mtoto wa dada yangu. Naomba undugu huo ujulikane kwanza, kisha maneno yangu yapimwe bila huo.

Naambatanisha kipande cha chelezo, na maelezo ya kipimo ambacho mtu yeyote mwenye iodini anaweza kukirudia mbele yenu. Chelezo hakikuchanikia kwenye ukingo wa boti. Kilishikana ndani kwa ndani kwa sababu kilipakwa unga wa ngano badala ya talki. Nahodha hana kosa.

Fundi aliyekikunja alipaka unga kwa sababu mimi nilimfundisha. Mwezi Machi 1956 talki ilichelewa, nami niliamuru vyelezo kumi vipakwe unga, nikiwaambia wanagenzi wanne kwamba hakuna tofauti. Lori la kuvichukua halikuja Jumatatu. Jumatano talki ikafika. Jumamosi, wafanyakazi walipokwenda nyumbani, nilivifungua vyote kumi peke yangu, nikaviosha, nikavikausha, nikavipaka talki. Kazi hiyo ilinichukua siku mbili. Wanagenzi waliporudi walivikuta vimefungwa kama walivyoviacha.

Sikuwaambia. Sikusahau, Mheshimiwa. Sikutaka vijana waliokomea darasa la nne waone nikifuta amri yangu mwenyewe. Niliona inatosha kwamba vyelezo viko salama. Haikunipitia kichwani kwamba mmoja wao angekuja kuwa fundi, kwa sababu sikuamini kwamba yeyote kati yao angeweza.

Jambo la mwisho si la lazima kwenu, lakini ni la kweli. Nilijua tangu tarehe 21 Mei. Nahodha aliniandikia kwamba chelezo kilinuka unga uliochacha, nami nikajua siku hiyohiyo. Nilimwagiza asiitaje harufu hiyo. Nilitumaini fundi amekwisha kusahau ni nani aliyemfundisha. Hakusahau.

Wenu mtiifu,
Ogola


Makina, Kibera
5 Juni 1974

Wepukhulu,

Nakala ya barua niliyolipelekea baraza imo humu. Yako uandike usiandike, ni juu yako.

Unauliza kama nilikuwa na habari. Nilipoandika barua ya kwanza sikuwa nayo. Nilipoandika ya pili nilikuwa nayo, na ndiyo maana ilikuwa vile.

Umekunja vyelezo vingapi kwa unga, na viko kwenye boti zipi? Tafuta hesabu hiyo leo. Usiitafute kesho.

Ogola


Nyalenda, Kisumu
13 Juni 1974

Kwa Mzee Ogola,

Nimeachiliwa jana. Baraza limesema sina hatia. Murunga ameondoka Kisumu, hakuna anayejua amekwenda wapi.

Nadhani unataka kujua ilivyokuwa, kwa mpangilio, bila kuruka.

Jumatatu asubuhi, kabla hatujaanza, aliingia bwana mmoja amevaa koti la mtu mwingine, daftari kifuani. Alikuwa ametoka tu kwenye treni. Mwenyekiti akamwuliza, "Wewe ni shahidi wa nani?" Akasema, "Sina mtu. Ule muhuri kwenye mfuko ni mimi." Ndugu za Amolo walikuwa safu ya mbele. Kaka yake alisimama akamtemea mate. Wepukhulu akajifuta kwa mkono wa koti, akasema, "Haki yako," akaendelea kusoma daftari lake. Anasoma polepole, kidole kwenye mstari. Watu walimzomea. Hakuacha hata neno moja. Alipomaliza akatoa karatasi yenye majina ya boti ishirini na tatu, akaomba polisi wazizuie zisitoke. Alipokuwa akishuka ngazi, yule kaka wa Amolo akamfuata. Nilidhani anakwenda kumpiga. Alimwonyesha tu stesheni iko upande gani.

Halafu karani akafungua bahasha yako.

Uliandika vizuri sana. Karani alituambia nje kwamba hajawahi kusoma Kiswahili kilichonyooka namna ile. Mama yangu alikuwa amekaa karibu nami. Karani alipofika pale pa tarehe 21 Mei, alinishika goti, akaliachia.

Nimehesabu. Kutoka tarehe 21 Mei mpaka tarehe 5 Juni ni siku kumi na tano. Siku zote hizo ulikuwa na jibu langu ndani ya nyumba yako. Katika siku hizo binti yangu alianza kutembea. Nereah alikuja kunieleza dirishani, akanionyesha kwa vidole hatua ngapi. Wewe siku hizo ulikuwa unamwandikia fundi matusi.

Usidhani nina hasira kwa sababu ya unga. Mtu hukosea. Mimi ndiye niliyemwambia Amolo ashike pale, na hilo nitaishi nalo. Lakini langu nalibeba mwenyewe. Lako ulitaka nikubebee, bila kuniambia ni mzigo wa nani.

Uliniambia nikuachie wewe. Nilikuachia. Usiniandikie tena.

Omolo


Kawangware
24 Juni 1974

Omolo,

Umesema nisikuandikie. Hii ni ya kazi.

Niko kwa Wepukhulu siku ya sita. Katika vile ishirini na vitatu, kumi na viwili vimekwisha kuletwa. Tunavifungua, tunaviosha, tunavianika, tunavipaka talki. Hanisemeshi. Anamwambia Lenah, "Mwambie huyo mzee asiguse huo, haujakauka," na Lenah hunigeukia akasema, "Umesikia." Saa ya chakula Wangoi huleta sahani tano. Mimi hunywa chai yangu nje. Hesabu yako ya siku ni sawa, ni kumi na tano. Nilihesabu na mimi, kila moja ilipokuwa inapita.

Leo tumefungua cha tisa. Kilitoka kwenye boti inayovusha watoto wa shule kutoka kisiwa cha Rusinga. Kilikuwa kimeshikana chote, pande zote mbili. Wepukhulu alikivuta kutoka huku na mimi nikavuta kutoka kule, na hakikuachia mpaka tulipotumia maji ya moto. 

Mwenye boti alitutumia chelezo, lakini aliyekileta anasema boti bado inavuka asubuhi na jioni, bila chelezo chochote. Polisi wameambiwa. Wepukhulu amepiga telegramu mbili, hazijajibiwa. Chelezo cha boti hiyo hakitakuwa tayari kabla ya Ijumaa. Nahodha wake ni Lusweti, ambaye mlisoma naye, kwa hiyo wewe atakusikiliza. Mwambie asiwapakie watoto mpaka chelezo kimfikie.

Nenda mwenyewe. Usimtumie barua.

Ogola